Kalibu ya kifuniko cha saidi mira ya Subaru, kabla hatujagusa kaboni

Karibuni tena karakana kwetu Katwe, Kampala. Leo natoa kalibu kwenye kifuniko hiki cha saidi mira ya Subaru Forester. Wengi mnaniuliza kaboni faiba inalazwaje, na mimi nawarudisha kwenye kalibu. Ikiwa na mkwaruzo, kila kifuniko kitakachotoka humo kitazaliwa na mkwaruzo huohuo.

Kifuniko nimeshakiosha, nikakipiga msasa wa maji namba 800, kisha 1200, kisha polishi. Nimekibandika kwenye ubao laini, upenyo nikauziba kwa udongo wa kuchezea watoto. Ubao umezidi sentimita 5 kila upande. Huo ndio ukingo. Kama umbo lako lina mdomo mwembamba kuliko tumbo, halitatoka. Hilo linataka kalibu ya vipande viwili, siku nyingine.

Nta, mara 6, ili kalibu isishikane na kifuniko. Paka, ikifanya ukungu futa, ngoja saa 1, rudia. Juu yake PVA, dawa ya kuachanisha inayokauka kuwa utando, mikono 3 myembamba, ikauke kabisa.

Sasa jelikoti, resini nzito itakayokuwa uso wa kalibu: gramu 200, hadena ya kuigandisha gramu 4, yaani asilimia 2. Tumia mizani, usikadirie kwa kizibo. Na miwani vaa, tafadhali. Hadena ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Paka kwa brashi laini, polepole...

Ngoja. Kamera isogee hapa. Mnaona kipovu kwenye kona? Kwa jicho sikukiona. Nakitoboa kwa ncha ya brashi ingali mbichi. Kikibaki, hapo patakuwa ganda tupu, litabonyea na kuvunjika. Haya. Mkono wa pili nimeshapaka.

Hapa nisikilizeni vizuri. Usilaze faibaglasi mapema! Gusa jelikoti pale ukingoni, si juu ya kifuniko. Inanata lakini kidole kinatoka safi? Endelea. Kidole kimechafuka? Subiri. Kalibu yangu ya kwanza ya boneti niliiharakisha kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Resini ya kulowesha faibaglasi ikaingia kwenye jelikoti changa, ikaivimbisha, uso wote ukajikunja kama ngozi ya tembo. Kazi ya wiki nzima, nikaianza upya. Kwa hiyo gusa. Baada ya dakika chache gusa tena.

Kidole safi, mnaona. Tabaka la kwanza ni mkeka wa faibaglasi wa gramu 300 kwa mita ya mraba, mwepesi, unashika kona vizuri. Gongagonga kwa brashi yenye resini mpaka weupe wote uishe. Weupe ni hewa. Ikishika, mkeka wa gramu 450, matabaka 2, halafu simama. Weka kiganja: pana joto. Ukirundika yote kwa mkupuo, joto hilo litaipinda kalibu. Ikipoa, 2 mengine.

Hii hapa baada ya siku 2. Kabari za plastiki, bisibisi hapana kabisa. Mimina maji kidogo ukingoni, PVA inayeyuka, sukuma taratibu kuzunguka... Sikieni! Huo mlio ndio naupenda kuliko yote kwenye kazi hii. Tazameni ndani: taa ya dari inaonekana imenyooka, haina wimbi.

Osha PVA, punguza ukingo, piga msasa wa 1500 na polishi, halafu nta tena mara 6. Ndiyo, 6 tena, maana epoksi, resini ya kulazia kaboni, hung'ang'ania kalibu mpya. Kaboni yenyewe nitailaza kwenye video ijayo, kwenye kalibu hiihii.