Jinsi ya kuandika majina kwenye kadi ya harusi kwa fonti ya mlalo

Haya wapendwa, mambo vipi, leo tunaandika majina ya maharusi kwa fonti yangu kipenzi, Cormorant Garamond, ile ya mlalo, yaani Italic, herufi zimelala kidogo. Ni ya bure, ya Christian Thalmann, iko Google Fonts, unadaunlodi unainstoo, hapo sikai, mnajua.

Ila folda ifungue kwanza, faili lenye neno Italic umelionaa? Usipoinstoo hilo, ukibonyeza kale ka-I kwenye Word, inachukua herufi iliyosimama inaisukuma tu ilale. Sasa huo sio mlalo, huo ni ulevi. Ngoja nisogeze kamera uone hii a... mbona haifokasi... subiri... haya. Ya kusimama ina kofia juu, ona. Ya mlalo haina, ni kitumbo na kimkia, kama unavyoandika kwa kalamu. Ukiona imelala na kofia yake, umepigwa.

Tunaingia Inkscape, ile programu ya kuchora, tunaandika Neema & Baraka, saizi 48. Herufi ya kwanza tu iwe kubwa, NEEMA yote kubwa kwa mlalo inakaa kama uzio unaoanguka. Hata wenyewe walioanza mlalo, mchapishaji Aldus Manutius kule Venice na fundi wake wa kuchonga herufi Francesco Griffo, kitabu chao cha mashairi ya Virgil cha 1501 kimelala chote lakini herufi kubwa wamezisimamisha wima. Hiyo & mimi naipa saizi kubwa kuliko majina, napenda tu, ilitokana na et ya Kilatini, yaani "na", kwahiyo hapo katikati inatulia.

Sasa sikiliza, hapa ndo niliumia. Hii fonti ina vistari vyembamba sana, usiishushe saizi. Nilishaandika majina kwa saizi 9, dhahabu juu ya maruni, kadi 150, kwenye lapitopu zinameremeta, kurudi kutoka kuprintiwa kile kistari cha katikati ya e hakipo, mama wa bibi harusi ananiuliza "mwanangu, huyu Nccma ndo nani?" Nilirudia zote kwa hela yangu. Usiishushe! Ukumbi na saa weka EB Garamond ya mlalo, ina nyama kidogo, mlalo wake umetoka kwa Robert Granjon, mchonga herufi wa karne ya 16, nayo ya bure. Na kama chini ni rangi nzito, hata hiyo ongeza unene.

Mwisho chagua maandishi, Shift Ctrl C, yawe mchoro, ili huko kwa kuprinti wasikubadilishie fonti. Save kopi kwanza lakini, maana ukishageuza... eeh, ona, nimegeuza bila kopi. Ctrl Z, Ctrl Z. Haya.

Chapa moja ya majaribio, saizi ileile, ishike umbali wa mkono, e zote zina kistari? Usiishushe saizi jamani. Wa kadi namba yangu iko hapo chini.