Figo Ambalo Halijamaliza Kujengwa

Habari za jioni. Mlioko nyuma, sogeeni mbele, maana picha hii haitaki kutazamwa kwa mbali.

Hiki ni kipande chembamba cha figo la mtoto wa panya aliyezaliwa leo. Tazameni ukingo wa nje, ule uliokolea rangi. Seli zimesongamana, na humo mna vijimirija vilivyojikunja mithili ya alama ya mkato, vingine kama herufi S. Hizo ni nefroni, vichujio vidogo vya damu vinavyotengeneza mkojo, zinazoundwa. Binadamu humaliza kazi hiyo tumboni, kwenye wiki ya 36 hivi ya ujauzito. Panya huzaliwa ingali mbichi, akaiendeleza kwa takriban siku 10. Kisha ukingo ule hutoweka, na nefroni mpya haiundwi tena. Figo litakua, ndiyo, lakini kwa zilezile kunenepa na kurefuka.

Sasa tuje kwenye homoni. Anjiotensini mnaijua kwa habari za presha: hukaza mishipa ya damu na kuzuia chumvi isipotee. Hufanya hivyo kwa kujishika kwenye kipokezi cha seli kiitwacho AT1. Kipo na kingine, AT2, ambacho hujaa kwenye figo la kijusi kisha kikapungua sana baada ya kuzaliwa. Hicho leo tutakipita.

Mpe panya mchanga losartani, dawa ya presha inayoziba AT1, katika wiki 2 za kwanza. Akikua, pasua figo lake: ile ncha ya ndani iliyochomoza kama chuchu, mkojo unapodondokea, imesinyaa, na mkojo wenyewe ni mwepesi kwa sababu hawezi kuukoleza. Mpe dawa hiyohiyo akishaachishwa kunyonya, na uharibifu huo wa kudumu huuoni.

Kwa nini ncha ile? Jibu lilitoka kwa panya wa aina nyingine, wale wenye umbo dogo wa maabara, walioondolewa jeni za AT1, zote 2 (wao wanazo 2, sisi tunayo 1). Mnyama akishazaliwa, kondo la nyuma halimsaidii tena, na figo huanza kutoa mkojo mwingi kwa ghafla. Mkojo huo hautiririki tu wenyewe. Husukumwa na misuli laini inayozunguka mfuko wa kukusanyia mkojo ndani ya figo, misuli inayojibana kwa mawimbi kuelekea kibofuni. Anjiotensini, kupitia AT1, ndiyo inayoiotesha. Bila kipokezi misuli haioti ipasavyo, mkojo hutuama, shinikizo hurudi nyuma na kuiponda ncha. Ukitafuta kizibo hukioni, ila figo limeharibika kana kwamba limezibwa. Mimi hapo ndipo huvutiwa zaidi: tulizoea kuiona homoni hii kama bawabu wa presha, kumbe ni fundi ujenzi.

Kwa binadamu fundi huyo hufanya kazi mimba ingali tumboni. Ndiyo maana mjamzito huepushwa na losartani na enalaprili, dawa nyingine ya presha inayozuia anjiotensini isitengenezwe, hasa baada ya miezi 3 ya kwanza. Mtoto huweza kushindwa kutoa mkojo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wake, maji hupungua na mapafu yakakosa nafasi ya kukua.

Nirudishieni picha ya kwanza, tafadhali. Mtoto njiti wa wiki 28 ana ukingo kama huu figoni mwake, naye tayari yuko nje, akipewa dawa. Haya, maswali.