Mishale ya Ramani na Maji ya Ncha za Dunia

Mwenyekiti, asante. Wenzangu, wanafunzi, hamjambo.

Naomba ramani ile ibaki ukutani, ila msiiamini kwanza. Mnaiona mishale yake ya mikondo ya bahari: mwekundu unapanda ubavuni mwa Norwei, wa buluu unashuka pwani ya mashariki ya Greenland, mwingine unazunguka ndani ya Bahari ya Aktiki, ile ya Ncha ya Kaskazini. Wanaonijua wameshachoka kunisikia nikiuliza swali hili, nami sijachoka kuliuliza: mshale ule nani aliuona? Ukisimama juu ya barafu ya Aktiki unaona barafu, basi. Mtu alijuaje kwamba mita 300 chini ya viatu vyake kuna maji yaliyotoka Atlantiki? Vitabu vyetu vinaruka hapo. Vinachora mshale, mtihani unauliza mshale, mtoto anachora mshale, anapewa alama zake anakwenda nyumbani.

Basi tuanze na suruali.

Mwaka 1879 meli ya Marekani iitwayo Jeannette, nahodha wake George De Long, ilinaswa na barafu karibu na Kisiwa cha Wrangel, ukishapita Mlango wa Bering, kati ya Alaska na Siberia. Barafu ikaiburura karibu miaka miwili, hadi Juni 1881 ikaivunja mbavu, ikazama kaskazini ya Siberia. De Long na wengi wa watu wake hawakurudi. Mwaka 1884, upande wa pili kabisa, pwani ya kusini-magharibi ya Greenland karibu na Julianehåb, wenyeji wakakuta vitu juu ya kipande cha barafu: orodha ya vyakula yenye saini ya De Long, orodha ya mashua za Jeannette, na suruali ya mvua ya baharia iliyoandikwa jina la Louis Noros. Noros mwenyewe alikuwa hai, mmoja wa wachache walionusurika. Yeye alirudi kwao kwa njia yake, suruali nayo ikashika njia yake.

Sasa, mnacheka, lakini hicho ndicho kipimo cha kwanza. Tunajua kitu kilianzia wapi, kilianza lini, kimeokotwa wapi, kimeokotwa lini. Vifaa vyote vya mamilioni nitakavyovitaja leo vinafanya kazi ya suruali ile.

Wapo waliobisha, wakasema vitu vile si vya Jeannette hata kidogo. Profesa Henrik Mohn wa Norwei akasema ni vyake, na barafu imevuka bahari nzima. Kijana mmoja, Fridtjof Nansen, akaisoma hoja ya Mohn akaishikilia. Akaongeza ushahidi wake: magogo ya miti ya Siberia yanayotupwa na bahari Greenland, mahali ambapo hakuna misitu ya kutoa magogo hayo. Kisha akasema jambo lililowafanya wazee wa safari za barafu wamwone ana kichaa: nitaunda meli yenye tumbo la mviringo, barafu ikibana iinyanyue badala ya kuivunja, na nitaiingiza barafuni makusudi. Adolphus Greely wa Marekani, aliyeijua Aktiki kwa mateso yake mwenyewe, alisema wazi kwamba huo ni mpango wa kujiua. Nansen akaunda meli hiyo, Fram. Septemba 1893 ikagandishwa karibu na Visiwa vya New Siberia. Agosti 1896 ikatoka upande wa Spitsbergen, kisiwa kilicho kaskazini ya Norwei, nzima.

Habari za Nansen na mwenzake Johansen kuiacha meli wakakimbilia ncha kwa sleji na mbwa, zimeandikwa kwingi, katafuteni. Mimi zinanikera kidogo, maana watu hukumbuka mbwa wakasahau kipimajoto. Melini watu walikuwa wanapima. Walikuwa wamechukua kamba fupi, kwa kuwa iliaminika bahari ile haina kina. Wakaishiwa kamba, wakafumua waya wa chuma wa meli wakausokota upya, na wakapata kina cha zaidi ya mita 3,000. Na kipimajoto kikasema hivi: juu maji ya baridi yasiyo na chumvi nyingi, kuanzia mita 200 hivi hadi 900, maji yenye chumvi zaidi na joto la juu ya sifuri, chini yake baridi tena. Ya joto chini ya ya baridi! Hayakupashwa moto na barafu. Yametoka Atlantiki, na yamezama kwa uzito wa chumvi yake. Mshale mwekundu ule, mwenyewe ni huyo.

Kuna anayejiandaa kuniambia, basi kipimajoto na chumvi vinatosha, hayo makemikali mnayopima siku hizi ya nini? Namjibu kabla hajasimama. Watu wawili wakiwa na urefu mmoja na uzito mmoja, utasema ni ndugu? Maji ya Atlantiki yalijitaja kwa sababu yalikuwa tofauti na jirani zake. Sasa njoo tabaka la juu la Aktiki. Unachota maji yenye chumvi kidogo. Yamepunguzwa chumvi na nini? Huenda ni mto: bahari ile ina karibu asilimia 1 tu ya maji ya bahari zote, lakini inapokea kama asilimia 10 ya maji ya mito yote ya dunia, Lena, Ob, Yenisei, Mackenzie. Huenda ni barafu ya bahari iliyoyeyuka. Huenda ni maji ya Pasifiki yaliyoingia kwa Mlango wa Bering. Chumvi ni ileile, na kipimajoto hakikusaidii.

Hapo ndipo unauliza oksijeni. Oksijeni nzito, ile ya 18, yaani atomi za oksijeni zenye uzito kuliko za kawaida, ni haba katika mvua na theluji ya kaskazini, kwa hiyo mito ya Siberia inaileta pungufu kwa sehemu 15 hadi 20 katika 1,000 ukilinganisha na bahari. Barafu ya bahari ikiyeyuka haina upungufu huo, imetokana na bahari yenyewe. Mto na barafu vimeshatengana. Ya Pasifiki yanajulikana kwa mbolea: nitrati yake ni kidogo ukilinganisha na fosfati, kwa sababu bakteria wameila njiani. Chupa moja, wazazi watatu, na kila mmoja anadaiwa fungu lake.

Halafu kuna iodini, na hapa ndipo watu hukunja uso. Sellafield huko Uingereza na La Hague huko Ufaransa ni viwanda vya kuchakata mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, ingawa Sellafield iliacha kazi hiyo mwaka 2022. Kwa miongo kadhaa vimemwaga baharini iodini-129, aina ya iodini yenye mionzi. Sikuja kuvisifu. Ila rekodi za kilichomwagwa mwaka kwa mwaka zipo, na mkondo wa pwani ya Norwei unaibeba iodini hiyo kaskazini, sehemu ikipitia Bahari ya Barents, sehemu Mlango wa Fram kati ya Greenland na Spitsbergen, kisha inazunguka kingo za Aktiki na kutoka tena kando ya Greenland. Suruali nyingine hiyo, yenye jina na tarehe.

Najua swali: je, samaki? Nimeulizwa mpaka kwenye harusi. Kinachopimwa ni kiasi kidogo mno, mbali sana na kiwango cha kumdhuru mla samaki. Iodini-129 huchukua miaka milioni 15.7 kupungua nusu, kwa hiyo ukikaa unaisubiri ioze ndipo uipime, utazeeka na chupa yako. Mashine huzihesabu atomi zenyewe, na lita moja ya maji inatosha. Ukipima pia urani-236 iliyotoka viwanda hivyohivyo, uwiano wake na iodini umebadilika miaka kwa miaka, na uwiano huo unakupa umri wa maji.

Freoni, zile gesi za majokofu, nitazipita mbio. Zilianza kutengenezwa miaka ya 1930, kiasi chake hewani kinajulikana kila mwaka, na maji hukoma kuzipokea yakishazama. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizikomesha, ukaokoa tabaka la ozoni, ukatuharibia saa yetu. Siku hizi tunaegemea zaidi gesi ya salfa heksafloridi.

Ncha ya Kusini nilitaka kuipa nusu ya muda, na nimeshaumaliza. Kwa kifupi: bahari ikiganda huitema chumvi, maji ya chini yanakuwa mazito, yanazama mpaka sakafuni. Vyanzo vya maji hayo mazito vilivyojulikana ni Bahari ya Weddell, Bahari ya Ross na pwani ya Adélie. Cha nne, mbele ya Cape Darnley, kilitangazwa 2013 na timu iliyoongozwa na Wajapani. Meli hazifiki huko majira ya baridi, kwa hiyo pamoja na vifaa vilivyotiwa nanga walitumia sili-tembo, sili wakubwa wa kusini, waliobandikwa vipimo kichwani. Sili anapiga mbizi, kifaa kinapima, akiibuka setilaiti inapokea. Akibadili manyoya kifaa kinadondoka, naye hana habari.

Maji hayo ya kusini hayaishii huko. Tawi lake linapanda mashariki ya Madagaska, linapenya Mfereji wa Amirante karibu na Shelisheli, linaingia bonde la Somalia. Huko chini, kilomita 4 na zaidi, mbele ya pwani yetu hii ambapo mnaogelea kwenye nyuzi 28, maji yana karibu nyuzi 1 tu, na yametoka kando ya Antaktika. Kwenye ramani ile ukutani mshale huo haupo kabisa. Aliyeichora hakuona haja.

Nilikuwa na heliamu na neoni pia, za barafu ya nchi kavu inayoyeyukia chini ya bahari. Mwenyekiti ameshasimama. Maswali, karibuni, na la samaki nimeshalijibu.