Hitilafu Inayozuka Baada ya Gari Kutoka Gereji

Wazee wangu shikamooni, na ninyi mafundi, madereva na wamiliki wa magari wa Tabora, nawashukuru kwa kufika. Jambo tunalolizungumza leo linajulikana na wengi waliomo humu. Gari linaingia gereji kwa tatizo moja, linatoka likiwa limepona, kisha kabla halijafika Ipuli linaonyesha tatizo jingine ambalo asubuhi halikuwapo. Hapo mabishano huanza: mwenye gari anasema ameharibiwa mali yake, fundi anasema gari lilikuwa limechoka tangu zamani, na muda wote huo boneti haijafunguliwa.

Naomba tubadili swali. Kabla ya kuuliza ni nani aliyekosea, tuulize mkono wa fundi ulipita wapi. Vipuri vya gari la kisasa vimebanana sana, na mara nyingi fundi hawezi kukifikia kimoja bila kwanza kuondoa vingine vilivyokizuia. Kila kilichoondolewa ili kupisha kazi kinapaswa kurudi mahali pake, kikiwa na gasketi yake, klipu yake na soketi yake ya waya. Hitilafu iliyozuka siku ileile, au ndani ya kilomita chache za mwanzo, mara nyingi hukaa katika vitu hivyo vya njiani, na kipuri kipya kilicholipiwa kinakuwa kizima kabisa.

Tuchukue Toyota Probox iliyobadilishwa plagi, ikasafishwa eaklina, yaani kichujio cha hewa, na troto, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Inatoka gereji ikivuta kwa shida, injini inakatakata na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mashine ya kupimia inatoa namba mbili za hitilafu, P0102 na P0113. Ya kwanza inasema kipimo cha hewa iingiayo kimeshuka kupita kiasi, ya pili inahusu joto la hewa hiyohiyo. Mtu asiyetulia atanunua sensa mbili. Lakini katika Toyota nyingi vipimo hivyo viwili vimo katika kifaa kimoja kilichofungwa karibu na boksi la eaklina, na vinatumia soketi moja. Sensa mbili kufa saa moja ni jambo la nadra. Soketi moja kusahaulika au kutosukumwa hadi ikalia ni jambo la kila siku. Kuirudisha hakugharimu hata shilingi.

Ikiwa namba ni P0171, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Kama boksi la eaklina lilifunguliwa, nendeni kwanza kwenye mpira mnene unaotoka kwenye boksi hilo kuelekea troto, kwa sababu klipu yake isipokazwa, hewa isiyopimwa hupenya na sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, huanza kupanda na kushuka gari likiwa limesimama. Mipira midogo ya vakyumu, yaani ya mvuto wa hewa wa injini, nayo ikaguliwe mmoja mmoja. Pampu ya mafuta, ambayo ndiyo wauzaji wa spea huipendekeza haraka, isubiri. Na injini ikimisi, yaani silinda moja ikishindwa kuwasha mafuta, baada ya kubadilishwa plagi, mashine ikaonyesha P0302, yaani silinda ya pili, hamisheni koili ya silinda hiyo, kifaa kinachoipa plagi umeme, iende ya tatu. Tatizo likihama nalo na namba ikawa P0303, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, fungueni plagi ya silinda ya pili mwangalie kaure yake, ile sehemu nyeupe, maana huweza kupasuka kwa spana iliyoingia kwa pembe.

Hapa nitaje tabia moja inayonisikitisha. Gari linarudi na taa, fundi anachomoa waya wa betri kwa dakika chache, taa inazima na mteja anaambiwa kazi imekwisha. Kuchomoa betri hufuta namba za hitilafu, yaani ushahidi wenyewe, na pia hufuta mazoea ambayo kompyuta ya injini imejifunza, kiasi kwamba sailensa yaweza kusumbua kwa muda hata kwenye gari zima. Namba zisomwe na ziandikwe kabla ya mtu yeyote kugusa betri.

Suala la joto lina uzito wake katika mji wetu. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye takriban nyuzi 96 za Selsiasi. Kinachofanya maji ya gari yavuke nyuzi 100 bila kuchemka ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Kwa hiyo gari lililotoka kuzibuliwa rejeta likaanza kuchemsha, lisihukumiwe papo hapo kuwa limeunguza gasketi ya silinda hedi. Injini ikishapoa kabisa, angalieni kama mfuniko uliorudishwa ni wake na kama raba yake inabana. Kisha hakikisheni kuwa hewa imetolewa, kwa sababu maji yakijazwa kwa haraka, hewa hunaswa juu karibu na themostati, mlango unaofunguka kwa joto ili maji yapite, nayo themostati hukosa maji ya moto ya kuifungua. Na lile zoea la kung'oa themostati ili gari lisichemshe ni kuzalisha hitilafu kwa makusudi: injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na siku moja taa inawaka kwa namba P0128, wakati chanzo cha kuchemsha bado kimo humohumo.

Yapo matatizo ambayo gari halipaswi kurudishwa nayo gereji kwa kuendeshwa. Pedali ya breki inayozama kama godoro baada ya kazi ya breki ina maana kuwa upepo umebaki kwenye mabomba. Taa nyekundu ya oili ikiwaka baada ya sevisi, zimeni injini mara moja, kwani yawezekana gasketi ya filta ya zamani ilibaki imegandia na mpya ikafungwa juu yake, na oili yote ikamwagika. Usukani ukitetema baada ya tairi kufunguliwa, simameni mkaze nati kwa mpangilio wa msalaba. Toyota ndogo nyingi zinataka nyutoni-mita 103, kipimo cha nguvu ya kukazia, na nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Katika hali hizo tatu fundi ndiye aje lilipo gari.

Sisemi kwamba kila tatizo ni la fundi. Mpira uliokakamaa kwa miaka ya joto unaweza kupasuka kwa kusogezwa tu, na soketi ya zamani huvunjika kilimi hata mikononi mwa fundi mwangalifu. Lakini fundi aliyeliona hilo anawajibika kumwambia mwenye gari kabla hajalipwa.

Basi mrudie fundi yuleyule kwanza. Mtu wa pili akishafungua, hakuna awezaye tena kujua nani aliacha nini. Nenda na maelezo: tatizo lilianza lini, injini ikiwa baridi au ya moto, katika mwendo gani, na sauti uliyoirekodi kwa simu. Kisha mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba unionyeshe vyote ulivyoviondoa ulipokuwa unafanya ile kazi." Ombi hilo halimtuhumu mtu, nalo humrudisha fundi kwenye kumbukumbu ya mikono yake.

Anayetoka mbali, kama Sikonge au Kaliua, asikubali kukabidhiwa gari jioni na kuondoka moja kwa moja. Aliendeshe mjini na fundi akiwa pembeni, mpaka injini ipate moto kamili, kisha wasimame wachungulie chini kama kuna kinachovuja.

Nanyi mafundi, andikeni. Karatasi moja inatosha: kilomita za gari lilipoingia, taa zilizokuwa zikiwaka, kazi iliyoombwa na vilivyoondolewa. Pigeni picha kabla ya kufungua, na kipuri cha zamani apewe mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, inamlinda mlaji, lakini ugomvi mwingi wa gereji ungeweza kumalizwa na karatasi hiyo kabla ya kufika huko. Muhimu kuliko yote, humo iandikwe mapema nani atalipa nini: hitilafu ikikutwa katika kilichoguswa, kazi ya kuirekebisha ni bure na kilichovunjwa kwa uzembe kinalipwa na gereji; lakini kipuri kilichokuwa kimechakaa kikivunjika katika kufunguliwa, mwenye gari ananunua kipya na fundi anakifunga bila kudai malipo ya ufundi mara ya pili.