Boila ya nyumbani Lubumbashi: itayarishe kabla baridi haijaingia

Karibuni tena, ba mama na ba papa, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi. Leo tuko bafuni mbele ya boila ya umeme ya lita 80, ile ya kutundika ukutani. Ni mwisho wa Aprili, mvua zinaaga. Baridi ya Juni na Julai iko njiani, na boila nyingi hufia katika wiki ile ile watu wanapoanza kuzihitaji, maana zimekaa miezi mingi bila kuguswa.

Kwanza, umeme. Usitegemee swichi ya bafuni. Nenda kwenye disjonkteri, ile swichi kubwa ya kukata umeme, ishushe, kisha hakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina kitu. Halafu fungua robine ya maji moto uyaache yatoke mpaka yapoe. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ya mtoto upesi zaidi.

Sasa tazama chini, kwenye bomba la maji baridi. Nasogeza kamera. Hiki chenye kishikio chekundu ni valvu ya usalama. Mnaliona hilo tone?

Hapa tukae kidogo. Maji yakipashwa moto huongezeka. Lita 80 zikitoka nyuzi 15 hadi 60 huzidi kwa lita moja na ushee, na hiyo ziada ni lazima ipate pa kutokea. Inatokea hapa. Valvu za namna hii kwa kawaida hufunguka shinikizo likifika bari 7. Nimeshakuta imezibwa kwa mpira wa baiskeli na kukazwa kwa waya, mama mwenye nyumba ananiambia, "Fundi, ilikuwa inavuja." Hapana mama, ilikuwa inafanya kazi yake! Ukiiziba, shinikizo linabaki ndani, na siku termosta, kile kidhibiti cha joto, ikikataa kukata umeme, tangi linaweza kulipuka na kuondoka na ukuta. Weka bomba dogo lipeleke matone kwenye mfereji, yaishe. Tone la kukutia wasiwasi ni lile linaloendelea usiku kucha boila ikiwa imezimwa na kupoa: ama shinikizo la bomba la mtaani ni kubwa mno, ama uchafu umekwama kwenye valvu. Kila mwezi zungusha kishikio, maji yatoke kwa nguvu sekunde chache, ukirudishe. Kikigoma kuzunguka, nunua valvu mpya.

Tunamwaga maji. Funga yale yanayoingia, vika mpira kwenye tundu la kumwagia, zungusha kishikio, na robine ya maji moto ibaki wazi ili hewa iingie. Bila hewa, maji hayashuki.

Angalieni kinachotoka: vipande vyeupe, kama maganda ya yai. Ni chokaa. Maji mengi ya mji huu, ya bomba na ya foraji (visima vya kuchimba kwa mashine), hutoka chini ya ardhi kwenye miamba ya dolomiti, ndiyo maana hata birika lako lina ukoko ndani. Chokaa ikiizunguka rezistansi, ile sehemu inayopasha maji moto, joto halipiti vizuri kwenda kwenye maji: unalipa umeme mwingi, na rezistansi yenyewe inaungua. Nafungua boliti za kifuniko cha chini, naitoa taratibu. Ukoko naukwangua kwa kijiti, si kwa bisibisi, kisha naiacha ncha yake ndani ya siki. Sehemu ya nyaya isilowe. Ndani ya tangi usitie chuma kabisa. Ukikwaruza enameli, ile ngozi laini inayolikinga tangi, kutu imepata mlango.

Fimbo hii pembeni ni anodi ya magnesiamu. Inaliwa yenyewe ili tangi lisiliwe. Hii imebaki nyembamba, imepungua zaidi ya nusu, kwa hiyo inabadilishwa leo. Gasketi nayo iwe mpya. Chukua ya zamani uende nayo dukani, usikadirie kwa macho. Boliti kaza kwa kuvukavuka, hii kisha ya upande wa pili.

Kujaza. Fungua maji baridi, robine ya maji moto ikiwa wazi. Itakohoa, itatema hewa. Subiri mpaka maji yatoke mfululizo, ndipo upandishe disjonkteri. Rezistansi ikiwaka bila maji inaungua upesi, na hapa kwetu maji hukatika, kwa hiyo baada ya kila ukosefu wa maji jaribu robine ya moto kwanza.

Mnaniuliza kila Julai kwa nini maji yanachelewa. Hesabu yake ni rahisi. Rezistansi ya wati 2,000 hupeleka lita 80 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kwa saa moja na nusu na kidogo. Maji yakiingia na nyuzi 15, ni saa mbili na zaidi. Boila si mgonjwa. Washa mapema, umeme ukiwepo, na vika sponji bomba la moto linalopita nje. Termosta iache kwenye 60. Septemba na Oktoba, joto likipanda, wengine huishusha hadi 40 ili kubana umeme. Mimi sikubali, maana bakteria ya lejionela, inayoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu. Punguza saa za kuwasha, si nyuzi.

Mvua zikirudi Novemba, ngurumo zikianza, shusha disjonkteri. Umeme ukikatika fanya hivyo hivyo, na ukirudi ngoja dakika kadhaa utulie. Maji ya bomba yakija na udongo, funga njia ya boila, uyamwage kwa robine ya baridi mpaka yang'ae. Na nyumba ambayo haina waya wa ardhini, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ndugu zangu, zimeni boila kabla ya kuingia kuoga, huku mkimtafuta fundi wa kuuweka.