Judit Polgár kwenye meza ya wakubwa

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie ushindi wa Judit Polgár, mcheza sataranji wa Hungaria, lakini mniwie radhi, naanza na mchezo alioshindwa.

Ni Linares, Hispania, mwaka 1994. Binti ana miaka 17. Mbele yake kaketi Garry Kasparov, namba moja wa dunia. Kasparov anamwinua farasi, anamtua, vidole vinamwachia. Papo hapo anagundua amejichongea. Anamshika tena, anampeleka kwingine. Nyinyi wacheza drafti mnajua jambo hilo lingeishia wapi kibarazani! Sheria ya sataranji iko wazi: ukishaiachia kete, umecheza. Judit hakulalamika palepale, na mchezo akaupoteza. Baadaye picha za televisheni zikaonyesha kwamba vidole viliachia kweli, kwa robo ya sekunde.

Sasa, alifikaje pale? Angeweza kubaki kwenye mashindano ya wanawake akavuna makombe hadi achoke. Kwenye Olimpiadi ya sataranji ya wanawake ya mwaka 1988 kule Thessaloniki, Ugiriki, akiwa na miaka 12, alipata pointi 12.5 kati ya 13, na Hungaria ikawapiku Wasovieti. Wakarudia mwaka 1990. Basi, akaaga. Ubingwa wa dunia wa wanawake hakuugombea kamwe. Dada yake Susan ndiye aliyeutwaa, mwaka 1996. Judit alitaka wanaume, tena wale wakali. Desemba 1991 alichukua ubingwa wa Hungaria, ule wa wote, wanaume kwa wanawake, akawa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha wacheza sataranji, akiwa na miaka 15 na miezi 4. Rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya grandimasta mdogo kuliko wote, iliyosimama tangu 1958, ikaanguka. Mwaka 1993 akamshinda Boris Spassky, bingwa wa zamani wa dunia, 5.5 kwa 4.5.

Kasparov aliwahi kusema waziwazi kwamba mchezo huu hauwafai wanawake. Septemba 2002, Moscow, wakakutana tena, safari hii mchezo wa haraka. Kasparov akajificha nyuma ya ukuta wa Berlin, ulinzi uleule ambao Mrusi mwenzake Vladimir Kramnik aliutumia kumvua taji la dunia London mwaka 2000. Malkia wakaondoka mapema, mfalme wa Kasparov akabaki katikati ya ubao hana pa kujibanza, na ngome za Judit zikaanza kumwandama. Hatua ya 42, Kasparov akasalimu amri. Mimi huuweka mchezo huu juu kuliko makombe yake yote, na najua wapo humu watakaobisha.

Mwaka 2005 Judit alipanda hadi pointi 2735 za viwango vya ubora vya dunia, na akaitwa San Luis, Argentina, wachezaji wanane kugombea ubingwa wa dunia. Akashika mkia. Hilo nalo tuliseme. Lakini mwanamke kwenye meza zile alikuwa yeye peke yake.

Alistaafu Agosti 2014, Hungaria ikiondoka kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Tromsø, Norway, na medali ya fedha. Namba moja kwa wanawake aliishika Januari 1989, na siku anaaga alikuwa bado hajanyang'anywa.