Hija siyo Yerusalemu peke yake

Haya, walionisikia mwaka jana wanajua naanzia wapi, mnivumilie. Kila mwaka vikundi vyetu vinaenda hija, Bethlehemu, Nazareti, Galilaya, mnarudi na maji ya Yordani kwenye chupa, sawa, sina ugomvi. Ila nikiuliza nani kafika Karthago, mji wa kale walikouawa mashahidi wetu, kimya! Na ipo Afrika hii hii, ukiwa Tunis unapanda treni ya pwani, saa haiishi umefika.

Eti Biblia haijaitaja. Kwani kaburi la Petro kule Roma, Biblia ndo imekuonyesha lilipo?

Sasa ukifika, usiishie kwenye magofu ya mabafu ya Kirumi ya Antonino kupiga selfi. Mwambie anayekuongoza akupeleke amfiteatro, uwanja wa michezo wa Warumi, upande wa La Malga, siyo lile jukwaa la matamasha. Utakuta uwanja wa duara na mawe machache, mengi watu walishabeba wakajengee. Mtu ananiambia mbona hakuna kitu. Wewe, hapo ndo tarehe 7 Machi 203 Warumi walimwingiza Perpetua auawe kwa Ukristo wake, binti wa miaka 22 hivi, ana mtoto ananyonya! Baba yake alimfuata gerezani, akambusu mikono, akamwangukia miguuni, mwanangu zionee huruma mvi zangu. Akagoma kumkana Kristo. Na haya hatukuhadithiwa, kayaandika mwenyewe akiwa ndani, maandishi yake tunayo mpaka leo. Felisita naye, mtumwa, mimba ya miezi minane, anaogopa wenzake watatangulia kufa wamwache, maana sheria haikuruhusu kumuua mjamzito, wakaomba wote, akajifungua gerezani kabla ya siku yenyewe, akazaa mtoto wa kike. Wakafunguliwa ng'ombe mkali. Perpetua karushwa, kaanguka, anainuka anatafuta kibanio abane nywele, kwa sababu nywele kutimka zilikuwa za msiba na yeye haoni msiba hapo. Mwisho kijana wa upanga mkono ukamtetemeka, akakosea, Perpetua mwenyewe akaushika mkono ule akauweka shingoni kwake. Kina Perpetua mliokaa humu, mnalijua hilo au mna jina tu?

Halafu kuna wanaosema kule nchi ya Waislamu. Misri na Yordani mnapopita kila mwaka ni nchi ya Walokole?

Na aliyechimbua uwanja ule ni Padre Delattre wa Mapadre Weupe, shirika alilolianzisha Kardinali Lavigerie, hao hao ambao 1878 walitoka Bagamoyo kwa miguu kwenda Tabora. Kwa hiyo kule sisi siyo wageni.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Sipriani, askofu wa hapo hapo Karthago, alikatwa kichwa 258, mtajisomea. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, leo Annaba, alifia pale 430 Wavandali wameuzingira mji, magofu ya kanisa yapo, ila hiyo ni Algeria, visa nyingine, msipange zote siku moja.

Najua swali la kwanza ni bei. Haya, mama wa nyuma pale, uliza.